Shimo la Wanawake

Pa. Pa. Pa-pa. Pa.

Hiyo ndiyo sauti ya kiganja chake juu ya udongo mbichi, na mpaka leo nikizima pikipiki mahali palipotulia naisikia. Nilikuwa nazima injini kwenye migunga miwili, mbali kidogo na boma, kwa sababu Mfinyanzi hakutaka mtetemo karibu na vyungu ambavyo havijakauka. Mgeni wangu angeshuka, ajikung'ute vumbi la kutoka Siakago, aulize, "Mbona tumesimama msituni?" Nami ningeinua kidole: sikiza kwanza. Pa. Pa-pa. "Tumefika," ningemwambia.

Jina alikuwa nalo, na watu wa kwao wanalijua, lakini hakupenda litajwe mbele ya wageni. "Jina langu ni la kanisani na la kaburini," alisema. "Hao waambie ni mfinyanzi, inatosha." Sasa amekwenda, na hilo jina limeandikwa kwenye msalaba huko Githongo, mbali kabisa na udongo wake. Mimi nitaendelea kumwita alivyotaka.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, na kwenye steji yetu ya bodaboda hapa Embu nilikuwa mwanamke peke yangu. Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo, hata wakinicheka: pikipiki nyingi za rangi moja zikitoka mjini asubuhi kwa mstari, kila moja na mgeni nyuma, zikiteremka kwenda Mbeere kwenye joto. Nilianza na yangu na ya mwenzangu Njeru. Tulikuwa tunatoka Embu jua likianza kuchomoza, tunakunywa chai Siakago, halafu tunaingia njia ya vumbi mpaka kwenye kilima kidogo ambapo wanawake wa maboma kadhaa wanafinyanga. Mgeni anaona udongo ukichimbwa, anaujaribu kwa mikono yake, anakula ndengu, anarudi kabla ya jioni. Wageni wengine walisahau majina yetu, lakini sijasikia aliyemsahau Mfinyanzi.

Hakuwa mwema kwao, lazima niseme. Walikuja wakidhani watamkuta nyanya anayetabasamu. Walimkuta mama mrefu, mkavu, leso imefungwa kiunoni kama anaenda kupigana, akiwatazama viatu. Kabla ya kumwonyesha mtu chochote alimpa bonge la udongo alikande. Mgeni anakanda, anachoka, mkono unakwenda kwenye bakuli la maji ili udongo ulainike. Hapo hapo Mfinyanzi anasema kitu kwa Kimbeere, na mimi natafsiri: "Anasema mkono mvivu huomba maji." Mgeni anacheka. Mfinyanzi hacheki. Udongo wenye maji mengi unafinyangika haraka na unapasuka haraka, na yeye hakuona cha kuchekesha hapo.

Kazi yake hakuifanya akiwa ameketi. Chungu alikiketisha chini, na yeye ndiye aliyekizunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume, kiganja kimoja ndani na kimoja nje. Alianza na mdomo wa chungu, akashuka mpaka tumboni, akakiacha kishike nguvu, kisha akakipindua na kukifunga matako mwisho. Nyuma yake ilibaki njia ya nyayo kwenye vumbi, mviringo kamili, kama ng'ombe wa kupura mtama alikuwa amepita.

Na chungu kikitoka motoni na ufa, hata ufa wa unywele, alikivunja papo hapo. Siku moja mama mmoja mwenye duka Embu alimshika mkono.

"Usivunje, mami. Mimi nitaweka maua tu."

"Maua yamekosa nini?" akamjibu Mfinyanzi, akakivunja.

Ajabu yake ni kwamba jikoni kwake alipikia sufuria. Nilipomuuliza alinitazama kama niliyepotea. "Chungu kinataka kuni nyingi. Wewe unaniona mimi ni tajiri wa kuni?"

Pikipiki aliitukana kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliiita punda aliyelewa petroli. Lakini nikipeleka wageni Jumapili nilimkuta amesimama njiani na kitambaa chake cheupe cha kanisa, mwavuli mkononi, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kairitu," aliniita, maana hilo ndilo neno lao la msichana, "nipeleke kwa Mungu. Lakini usinifikishe."

Alikaa upande kama mzigo. Nilimwambia, kwa neno letu la nyanya, "Cucu, kaa vizuri, tanua miguu, utaanguka."

"Nitanue miguu mbele ya mzee wa kanisa?"

"Mzee wa kanisa mwenyewe hutanua."

"Ndiyo maana hanenepi," akasema, na mpaka leo sijajua alimaanisha nini, lakini tulicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama, aliyeokoka kabisa, asiyetaka hata kusikia pombe ikitajwa. Lakini kwenye pindo la leso alifunga kikopo cha tumbaku ya kunusa. Katikati ya maombi ungesikia chafya, halafu sauti yake kwa nguvu: "Amina!"

Kulikuwa na jirani yake mmoja aliyewahi kumtangaza kuwa mchawi, kwa sababu vyungu vyake Mfinyanzi havikupasuka mwaka ambao vya wengine wote vilipasuka. Hawakusemezana tena. Halafu jirani akavunjika mguu kiangazi kikiwa kimeanza. Kila asubuhi Mfinyanzi alitoka mtoni na mitungi miwili ya maji, mmoja wa kwake, mmoja akautua mlangoni pa yule mama. Hakubisha, hakusalimia. Nilimuuliza kwa nini hamwambii hata habari ya asubuhi. "Maji anahitaji," alisema. "Salamu hajaomba."

Kitu kimoja tu kilimtoa usingizini mwanamke huyu, na kila aliyekaa naye alikijua, kwa sababu hakukificha. Alikuwa anaogopa kufa na mikono yake. Binti zake waliolewa wakaenda zao. Mmoja yuko Githongo kwenye kahawa, mwingine alienda Nairobi. Wasichana wa pale walimaliza shule wakasema udongo unachafua. Angeinua mikono yake mbele yetu, imepasukapasuka kama njia ya kiangazi, na kusema: "Nikienda na hii, kairitu, utaleta wageni waje kutazama nini? Migunga?"

Alinijaribu mimi. Chungu changu kililala ubavu kama mlevi. Alikitazama, akanitazama. "Hii mikono ni ya klachi," akasema, na hilo likaisha.

Kisha akaja Wanja.

Wanja alikuwa msusi wa nywele, alikulia Dallas hapa mjini Embu, mtaa mmoja na mimi. Nilimjua kwa sauti ya kicheko chake kabla sijamjua kwa sura. Aliolewa na kitinda mimba wa Mfinyanzi, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya mjengo mjini, na akaenda kumsalimia mama mkwe sikukuu ya Krismasi na kucha nyekundu za kubandika. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa hiyo nilikuwepo.

"Hizo kucha ni zako au umeazima?" Mfinyanzi akauliza.

"Ni zangu, mami. Si unaziona ziko kwa vidole vyangu?"

"Udongo utazila."

"Wacha zile. Zingine zitamea."

Nilidhani vita vimeanza. Lakini kesho yake Wanja alikata kucha kwa wembe, akachuchumaa, akaanza kukanda. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, mume akarudi kazini, Wanja akabaki. Alitukanwa kila siku kwa jina la ukoo na la shule. Alikuwa akijibu. Wakikaa pamoja ungedhani ni dada wawili waliogombania bwana. Wanja alitaka kufinyanga vijungu vidogo vya kuweka penseli na maua, vya kuuzia wageni. Mfinyanzi alisema huo ni mchezo wa watoto. Siku moja nilifika mapema nikamkuta Mfinyanzi peke yake nyuma ya nyumba, amekizunguka kijungu cha ukubwa wa kikombe, ulimi nje kwa umakini. Aliponiona alikikanyaga.

Siku chungu kikubwa cha kwanza cha Wanja kilipotoka motoni, Mfinyanzi alikizunguka. Akakigonga kwa kifundo cha kidole. Akaweka sikio. Akakizunguka tena. Sisi wote tukasogea karibu, hata wageni ambao hawakujua ni nini kinaendelea.

"Hiki," akasema, "kinaweza kushika maji."

Wanja alikaa chini kwenye majivu akalia. Kisha akampigia mama yake simu, akipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Mfinyanzi akaondoka kwenda kunusa tumbaku. Niliona mgongo wake ukiwa umenyooka kuliko siku zote. Tangu hapo hakuinua tena mikono yake mbele yetu kuuliza tutaleta wageni kuona nini.

Sasa lazima niseme habari ya shimo.

Udongo wao unatoka chini ya kilima, kando ya korongo ambalo huwa na maji wakati wa mvua tu. Hapo wanawake wamechimba tangu mama za mama zao. Mwanamume haingii. Mguu wa mwanamume ukikanyaga humo, walisema, udongo unanuna, na vyungu vya kila mtu vinapasuka mpaka mvua nyingine. Wageni wanaume walisubiri kwenye jiwe kubwa huko juu, pamoja na Njeru, naye aliwachekesha kwa hadithi. Walilipenda jambo hilo. Walipiga picha kwenye lile jiwe wakijifanya wamefungwa. Mimi mwenyewe nililieleza njiani kwa mzaha, tangu Siakago, na wanawake niliowabeba walifurahi zaidi: "Kumbe kuna mahali pasipo wao!"

Mfinyanzi, aliyeokoka, alikuwa amekataza zile desturi nyingine za zamani, kama kumwagia udongo pombe kabla ya kuchimba. Alisema ni giza. Lakini hii moja aliishika kwa meno. Mchungaji alipomhoji, alimjibu mbele ya watu: "Hilo shimo si la Ibilisi wala si la Mungu. Ni la wanawake. Mahali pengine pote ni penu." Akina mama wakapiga vigelegele.

Udongo mzuri ulikuwa umelala chini, nao ulizidi kwenda ndani. Wanawake waliufuata kama fuko, wakichimba kwa chini, na juu yao ikabaki paa la ardhi ya kawaida, nene, lenye mizizi. Kila mtu aliliona. Kulivunja kungetaka sururu na nguvu za siku nyingi, na takataka yake yote ingefunika udongo mzuri. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume, na wanaume hawaingii. Basi kila msimu walisema, "Tutalivunja." Wanja aliwahi kumwambia mkwewe, nikisikia, "Mami, si tuite tu vijana walivunje wakiwa juu?" Mfinyanzi akasema juu pia ni shimo.

Siku ile ilikuwa jua la kwanza baada ya mvua ndefu. Nilikuwa nimembeba mama mmoja kutoka Nakuru, na Njeru alimbeba mumewe, mzee mpole aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu. Wanaume walibaki kwenye jiwe. Sisi tulishuka na Mfinyanzi na Wanja. Wanja akaingia chini ya paa na kijijembe chake kifupi, tukawa tunaona miguu yake tu na soli za kandambili.

"Mama," akamwita mgeni kutoka humo ndani, "wewe ukitaka ngozi laini wacha kununua krimu. Ingia hapa!"

Yule mama akacheka. Mimi pia nikacheka. Halafu paa likashuka.

Halikupiga kelele. Lilikuwa kama gunia la mahindi linapotuliwa chini na mtu aliyechoka. Hatukusikia kilio. Kandambili moja ilibaki nje, imesimama kwa ubavu.

Mfinyanzi alifika kabla yangu. Tulichimba kwa mikono, sisi wawili, kama mbwa, na ardhi ilikuwa nzito na maji, kila tulichotoa kikarudi. Mama wa Nakuru alipanda juu akimwita mumewe kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Nikasikia miguu ya watu ikikimbia. Njeru alitokea juu ya shimo, helmeti bado kichwani, na mzee nyuma yake.

Hapo Mfinyanzi akasimama. Alipanda ule ubavu wa shimo kwa magoti na akasimama mbele yao, mikono ametanua, matope mpaka mabegani.

"Mwanamume haingii!" akapiga kelele. "Haingii hapa! Haingii!"

Na Njeru akasimama.

Watu wamemlaumu Njeru, lakini hawajui. Njeru ni mtoto wa kule, mamake alifinyanga kwenye udongo huo huo. Tangu ajue kutembea aliambiwa hapo hapakanyagwi. Niliona mguu wake ukiwa hewani. Niliita kutoka chini, "Njeru! Njeru, ingia!" Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. Na yule mzee, kwa kuwa ni mgeni, na mgeni hufuata wenyeji, alisimama pia.

Haikuwa muda mrefu. Ungetosha kunywa kikombe cha chai, ikiwa si ya moto. Kisha mzee akainama, akavua viatu vyake, akaviweka kando vizuri, akapita chini ya mkono wa Mfinyanzi. Njeru akamfuata. Mikono ya Mfinyanzi ilibaki imetanuka, ikizuia watu ambao walikuwa wameshapita.

Wakiwa nasi wawili hao, ardhi ilitoka. Tulimfikia Wanja. Alikuwa na joto bado.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki yangu, hakukuwa na njia nyingine. Njeru akaendesha, mimi nyuma, Wanja katikati, kichwa chake begani mwangu, nikimwambia mambo ya Dallas, habari za watu anaowajua, ili asilale. Walichotuambia hospitalini nilikuwa nimeshakijua tulipopita ile migunga.

Baada ya mazishi watu waligawanyika. Wapo waliosema Mfinyanzi alimuua mke wa mwanawe. Hao angewastahimili, nadhani. Waliommaliza ni waliomsifu. Wanawake wazee wa kile kilima walikuja na unga na sukari, wakakaa naye, wakamshika mkono. Nilikuwepo siku moja walipokuja. "Ulisimama," mmoja akamwambia. "Hata siku kama ile, ulisimama. Sisi tungeshindwa." Mfinyanzi alikuwa akitazama ukuta. Aliuondoa mkono wake polepole katika mkono wa yule mama, akaukalia.

Mwanawe hakumlaumu kwa neno. Alikuja na lori la mchanga la rafiki yake, akapakia godoro na sanduku la Wanja, akarudi Embu. Hakuaga.

Vyungu vibichi vilivyokuwa vimepangwa chini ya dari, vya kwake na vya Wanja, hakuvichoma na hakuvivunja. Alivitoa uani akaviacha. Mvua fupi zilipokuja zilivinyeshea. Nilipita nikaviona vimeinama, midomo imelegea, halafu mara nyingine nikaona ni vichuguu tu, halafu hata hivyo havikuwepo. Nilizima pikipiki kwenye migunga na hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Wageni niliwaambia njia ni mbovu. Njeru akaanza kubeba muguka, yale majani ya kutafuna, na tukikutana steji tunazungumza habari za mpira.

Binti wa Githongo alikuja kumchukua.

Ilipita miaka kabla sijapanda kwenda kumwona. Ukitoka Embu, barabara inazunguka sana, Chuka, Nkubu, na kila unavyozidi kwenda baridi inakuingia kwenye mikono ya jaketi. Githongo, huko Meru, ni kijani tupu. Kahawa, migomba, udongo mwekundu unaonata kwenye tairi. Binti yake alinipokea langoni, akaninong'oneza, "Karibu sana, dada. Lakini usimkumbushe. Sisi huwa tunamwambia yale ya kumtuliza." Kisha akaenda kiwanda cha kahawa na debe lake.

Mfinyanzi alikuwa kwenye mlango wa jiko, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, akichambua kahawa kwenye ungo, nyekundu huku, mbichi kule. Nilimtambua kwa urefu wa shingo. Lakini nilishtuka kuona mikono yake. Ilikuwa safi. Ngozi ilikuwa imejifunga, kucha zimeota. Ilikuwa mikono ya mtu mwingine yeyote.

"Kairitu," akasema bila kuinua kichwa. "Umenenepa. Utaua hicho chombo chako."

"Na wewe umekuwa mtu wa Meru, cucu. Hata huulizi mgeni kama amekula."

"Udongo wa huku ni wa kupanda tu. Nimeujaribu. Hauna mifupa." Akaokota punje, akatupa. "Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kama anayeuliza bei ya chumvi:

"Wewe siku ile ulikuwa chini. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Hapa wananiambia nilichimba. Binti yangu anasema, 'Mami, ulichimba mpaka kucha zikatoka.' Mchungaji wa huku naye anasema hivyo. Na ni kweli, nakumbuka nikichimba." Akauweka ungo chini. "Lakini mikono inakumbuka kitu kingine. Ikipumzika inafanya hivi."

Akaitanua. Polepole, upande huu na upande huu, mpaka mmoja ukagusa mlango.

"Niambie wewe. Nilizuia?"

Mimi moyo wangu ni laini, kila mtu anajua, hata kuku siwezi kumchinja. Neno la kumtuliza lilikuwa tayari mdomoni, limefika, limeketi kwenye ulimi. Nilitazama ile mikono. Nikaona kwamba akipewa uongo mwingine hataweza kuishusha.

"Ulichimba, cucu," nikasema. "Kwanza ulichimba. Halafu ukapanda juu ukawazuia."

"Nikasema nini?"

"Ulisema mwanamume haingii."

"Mara moja?"

"Hapana. Zaidi."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu sokoni anayetajiwa bei aliyokuwa anaitegemea. Mikono ikashuka, ikalala mapajani.

"Asante," akasema. "Hawa wote walikuwa wananilisha uji kama mtoto."

Jogoo alipita mbele yetu. Alimfukuza kwa mguu.

"Miaka yote hiyo natafuta mtu wa kumwachia," akasema. "Nikampata. Nikalinda shimo."

Nilivuta ungo tukachambua wote wawili. Punje zilikuwa baridi na zinateleza. Baadaye akauliza, "Bado wanachimba?"

"Wanachimba. Kuna wasichana wawili wa boma la juu wameanza."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Nani amewafundisha?"

"Wanajifundisha wenyewe. Vyungu vyao bado vinalala."

"Na paa?"

"Limeota tena upande wa pili. Wanaingia chini yake."

Hakunituma chochote. Binti yake alirudi na chai, tukazungumza habari za mvua na bei ya mbolea, na jua lilipoanza kuinama nikaaga. Hakuinuka. Nilipogeuka langoni alikuwa akichambua bado, haraka sana, nyekundu huku, mbichi kule, na mimi sikumwona tena akiwa hai.

Kesho yake nilikuwa na wateja wawili wa kupeleka Runyenjes. Nikawapa wenzangu wa steji. Nilifunga sururu na koleo ubavuni mwa pikipiki kwa mpira, nikateremka Mbeere peke yangu. Ilikuwa siku ya soko Siakago, wanawake wote wamekwenda, hata mbwa hawakubweka. Sikupita kwa mtu kuomba ruhusa. Nilisimama juu ya shimo, nyuma kabisa ya ufa ulioanza kuonekana kwenye majani, nikaangalia kwanza chini, nikaita, "Kuna mtu?" nikaita tena. Kisha nikainua sururu.

Jua lilikuwa kali na mimi si mtu wa kulima. Malengelenge yalitoka, yakapasuka. Paa lilishuka kidogo kidogo, bonge baada ya bonge, likafunika udongo wote mzuri, na nilijua wale wasichana wakirudi watanitukana mpaka kabila langu, maana itawachukua siku nyingi kuufikia tena. Lilipoisha kushuka nikachukua koleo. Nikaanza kusogeza ile ardhi ya juu kando, nikiitengeneza mteremko kutoka pale kwenye jiwe mpaka chini kabisa, mpana, wa mtu yeyote kushuka akiwa amesimama wima.